Kurasa Nne za Meliame

"Umesikia alichokifanya Meliame?" Fusi aliuliza hata kabla hajalitua beseni lake. "Kawalaza Shangazi Kalolaine na kaka yake uso kwa uso. Kitabuni, mbele ya watu wote! Ukikifunga kile kitabu, wanabusiana."

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, kwenye tangi la maji la kanisa, ambako nusu ya wanawake wa Fangaloto hufulia nguo za wiki nzima. Siu alikuwa amechutama akisugua nepi. Mwanawe Lupe, binti wa miezi mitano, alikuwa amelala chali kwenye mkeka kivulini, anagombana na vidole vyake vya miguu. Siu si mtu wa kujibu haraka.

"Mimi Jumamosi nilikuwepo sherehe nzima," Fusi aliendelea, akimwaga sabuni. "Shangazi kapewa kitabu chake, kakifungua, kaona, kakifunga, pa! Kakikalia. Nyama ya nguruwe imeletwa, hakugusa. Havili, huyo kaka yake, naye kainuka, katoka, kaenda kukaa jikoni na wapishi. Mama wa watu ametimiza miaka themanini hakuna aliyemkosea adabu, siku ya sherehe yake ndiyo anaaibishwa na mtu aliyekwenda kujifunza kompyuta uzeeni!"

"Labda si yeye," Siu alisema.

"Si yeye? Jina lake liko nyuma ya kitabu, nene kama mkono wangu: Kurasa zimepangwa na Meliame. Tena wanasema alifanya makusudi. Eti Havili ndiye aliyemshauri mume wa Meliame aende Australia kuchuma matunda asirudi, sasa mwanamke kalipiza."

"Nani anasema?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Aa, Siu nawe! Watu tangu lini wakawa na majina?"

Wenzake wakacheka. Siu alikamua nepi mpaka viganja vikamuuma. Kicheko kile kilimwingia kama moshi wa kuni mbichi.

Katika Fangaloto hakuna aliyehitaji kuelezwa ubaya wa jambo hilo. Tangu Havili aanze kuota ndevu hajakaa mkeka mmoja na dada yake. Dada akiingia mlango wa mbele, yeye anatoka wa nyuma. Utani hautaniwi mbele yake, na sahani yake haiguswi. Sasa ni mzee wa miaka sabini na sita, na bado akimwona Kalolaine anakuja njiani husimama pembeni kama kijana. Hivyo ndivyo anavyompenda. Halafu unachukua picha zao mbili, kubwa, ukurasa mzima kila moja, unaziweka zikitazamana, unafunga kitabu juu yao, na unawagawia wageni mia.

Lakini hasira ya Siu haikuwa kwa Meliame. Ilimpanda kwa sababu alijua. Alikuwepo.

Ijumaa alikwenda mjini Neiafu ili Lupe achomwe sindano ya chanjo. Alimaliza mapema, lori la kijiji lilikuwa bado, na jua lilikuwa kali, akaingia kwenye duka la Feleti la kuchapisha na kuomba kukaa kwenye benchi la mlangoni anyonyeshe. Meliame alikuwa bado yumo, amesimama kando ya mashine ya kuchapia, kiganja kimoja juu yake.

"Nenda ukapike chakula cha sherehe, mama," Feleti alikuwa akimwambia. "Wenzako wanakungoja. Kubonyeza kitufe nitabonyeza mimi."

"Nilimwahidi Shangazi nitasimama hapa mpaka nakala ya mwisho."

"Kwani mashine itakimbia? Nenda."

Meliame akaenda, akigeuka mara mbili. Hakuwa amefika hata barabarani Feleti akakaa kwenye kompyuta. Siu, mtoto kifuani, aliona kioo chote cha kompyuta juu ya bega lake. Ukurasa ukaja, una nakshi ya kitambaa cha magome ya mti tu, hauna picha ya mtu. Feleti akabonyeza, ukapotea. Ukaja mwingine kama huo, ukapotea. Mara nne. Simu ikalia.

"Ndiyo, ile ya kina Havili," alisema simuni. "Nimeipunguza. Mwanafunzi alinijazia kurasa tupu... Wakilalamika? Aa, nyuma nimeweka jina la mwanafunzi." Akacheka.

Siu aliona, akasikia, na hakujua alichokiona. Shule yake iliishia darasa la sita. Alidhani mwenye duka anajua analolifanya. Alimhamishia Lupe titi la pili, lori likapiga honi, akaondoka.

Kwa hiyo pale tangini, Fusi alipokuwa akicheka, Siu alikuwa akizihesabu tena zile kurasa moja moja, mpaka ya nne, na kila alipofika ya nne uso ulimwaka.

*

Meliame anakaa nyumba ya pili kutoka kwa Siu, nyumba ya mbao yenye rangi ya kijani iliyobanduka. Ana miaka arobaini na moja. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mpiga chapa wa ofisi ya wilaya, akiandika vyeti vya watoto waliozaliwa na watu waliokufa, mpaka ilipoletwa kompyuta pamoja na msichana wa kuikalia, yeye akapewa keki na kadi ya kwaheri. Kadi yenyewe jina lake lilikuwa limebandikwa pembeni mno, herufi ya mwisho imekatwa. Aliichukua, akashukuru, na alipofika nyumbani akaichana. Si kwa sababu ya kazi. "Wangeshindwa nini kuisogeza kidogo kushoto?" alimwambia Siu, na siku zote akiikumbuka anauliza hivyo hivyo.

Ndivyo alivyo. Jicho lake haliwezi kupumzika penye kitu kilichokaa vibaya. Mamake alikuwa hodari wa kutengeneza kitambaa cha magome, na Meliame alikua akishika upande mmoja wa kamba iliyochovywa rangi, wanaivuta juu ya kitambaa na kuiachia, tap, mstari unabaki umenyooka kutoka mwisho hadi mwisho. Baadaye alipokuwa akipiga chapa matangazo ya kanisa, alizivuta kamba hizo kichwani mwake. Matangazo ya Fangaloto yalikuwa na pambizo sawa pande zote. Wazee walikuwa wakiyatunza ndani ya Biblia.

Nia yake ilikuwa moja. Watu wa visiwa hivi vya Vava'u huagiza vitabu vyao vya misiba, harusi na sherehe kutoka Auckland, ng'ambo, kwa watoto wao waliohamia huko, na vinakuja na makosa ambayo anayeishi hapa tu ndiye anayeyaona: mjomba amewekwa juu ya shangazi, wa ukoo mdogo ametangulia wa mkubwa, kichwa cha marehemu kimepitiwa na pini. Meliame alitaka awe yeye wa kukabidhiwa nyuso za watu. Ndiyo maana Feleti, aliyezaliwa na kukulia Auckland, alipofungua duka Neiafu na kutangaza darasa la miezi sita la kupanga kurasa, Meliame alikuwa wa kwanza mlangoni. Waliandikishwa wanne. Wenzake waliacha kabla ya mwezi wa pili.

Feleti alibandika ukutani karatasi: Mazoezi Kumi. La kwanza kadi ya mtu wa biashara, la pili menyu ya mgahawa, na kuendelea mpaka la kumi. Meliame alikuwa akirudi jioni na karatasi za majaribio amezizungushia mpira, anamsomesha Siu.

"Soma hii."

"Dada, mimi nasoma taratibu."

"Ndiyo maana nimekuletea. Jicho lako likikwama mahali, niambie limekwama wapi."

Siu alisoma, Lupe akiwa bado tumboni, kidole chini ya mistari. "Hapa. Samaki na bei yake wamekaa mbali, nimepotea nikaangukia bei ya kuku."

"Unaona!" Meliame alifurahi kama mtu aliyepewa zawadi, akaenda kuziweka karibu. Alimweleza kwamba kompyuta nayo ina kamba, mistari ya buluu unayoivuta kwenye ukurasa na ambayo haichapwi. "Feleti ana jina lake la Kiingereza. Mimi naziita kamba."

Mwezi mmoja baadaye Siu alipeleka nyanya kwenye mgahawa wa bandarini, wanakokula wageni wa mashua za matembezi. Kila meza ilikuwa na menyu. Samaki alikuwa karibu na bei yake. Siu aliigeuza. Chini kabisa, kwa herufi ndogo: Kazi ya Feleti.

Alimweleza Meliame. Meliame akasema, "Anafundisha. Labda ndivyo inavyokuwa."

Ikaja harusi ya binti wa mwalimu mkuu, ratiba yake Siu aliisoma ikiwa karatasi ya majaribio, na harusini ikagawiwa: Kazi ya Feleti. Ikaja kalenda yenye picha kumi na mbili za ufukwe. Siku Siu alipompeleka Lupe kupimwa uzito kwa mara ya kwanza, kalenda ile ilikuwa imetundikwa juu ya mizani. Aliimaliza kuisoma wakati muuguzi anaandika. Alijua kitakachokuwa chini, na kilikuwepo.

"Haya ni mazoezi gani yanayotundikwa kliniki?" alimwuliza Meliame siku hiyo, na yeye mwenyewe akashangaa sauti yake ilivyopanda. "Mimi nikimfunza mtoto kusuka mkeka, mkeka nikauuze, nikasema nimesuka mimi?"

"Nikimaliza kumi napata cheti. Nikipata cheti nafanya za kwangu."

"Na hizi?"

"Hizi..." Meliame alikunja karatasi zake. "Hizi nilijifunza, Siu."

Halafu likaja zoezi la tisa: kitabu cha kurasa nyingi, cha kushonwa katikati kwa pini. Na safari hii kina Havili wenyewe walikuja dukani, wakamkuta Meliame, mtu wa kijiji chao, wakafurahi, wakampa yeye sanduku la picha mkononi. Alilileta nyumbani limefungwa na kitenge. Kwa wiki tatu alikuwa akikunja karatasi na kuzipiga penseli. Kurasa ishirini na nne. Shangazi Kalolaine peke yake, upande wa kulia. Ukurasa unaomtazama una nakshi tu, na wa mgongoni kwake nakshi tu, asije mtu kumkalia mgongoni. Ndipo unapofunua, unamkuta Havili naye kwenye nafasi yake mwenyewe. Zile kurasa ambazo Feleti aliziita tupu ndizo zilizokuwa mlango wa mbele na mlango wa nyuma wa nyumba ile.

*

Jumanne Siu alimbeba Lupe akaenda nyumba ya kijani. Madirisha yalikuwa yamefungwa. Meliame alikuwa amekaa sakafuni na kitabu cha sherehe mbele yake.

"Umekuja kunicheka?"

"Dada!"

"Asubuhi nimepita njia ya duka la hapa kijijini, Fusi ameshika mikono miwili hivi, anaifunga kama kitabu, mwa, mwa. Watoto wanamwigiza." Alikisukuma kitabu. "Hesabu kurasa."

"Ishirini," Siu alisema bila kukigusa.

Meliame aliinua kichwa.

Siu alimwambia yote: benchi, kioo, kurasa nne, simu, kicheko. Aliyasema akimtazama mtoto. Alipomaliza, mashine ya kukata nyasi ya mchungaji ilikuwa ikinguruma upande wa pili.

"Uliona," Meliame alisema. "Ukanyamaza."

"Nilidhani anajua anachofanya."

"Siku nne, Siu. Kama ungepita hapa Ijumaa jioni, ningelala pale dukani mlangoni. Ningekula zile karatasi."

Siu alianza kulia, na Lupe, kwa kumwona mamake, naye akaanza. Meliame aliwatazama wote wawili, akavuta pumzi, akamchukua mtoto. "Basi. Basi, mdogo wangu. Hata mimi nilidhani anajua. Na mimi ndiye niliyeondoka." Alimpigapiga Lupe mgongoni. "Unajua nani atanipa tena picha ya mamake? Hakuna. Hata nikipewa vyeti mia. Watasema, yule ndiye aliyemlaza Kalolaine. Wataendelea kuagiza Auckland."

"Twende kwake akaseme ukweli."

"Nani, Feleti?" Meliame alicheka bila furaha. "Haya. Kesho."

*

Jumatano Feleti aliwapokea kwa mikono miwili. Alikuwa amevaa kaptula na viatu vya kukimbilia, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayewauzia kitu.

"Mama Meliame! Nilikuwa nakungoja. Najua, najua, watu wamekasirika kidogo. Jamani, karatasi tu."

"Ulitoa kurasa zangu."

"Nilitoa kurasa tupu. Mteja anataka picha, hataki utupu. Hilo ni somo la kwanza nililokufundisha."

"Nilikwambia kwa nini zipo. Nilikwambia mara mbili."

"Ulinieleza mambo ya mikeka na magome, sikumbuki yote." Akatabasamu. "Sikiliza. Zoezi ni zoezi. Mwanafunzi anakosea, anajifunza."

Siu hakukusudia kusema, lakini maneno yalimtoka. "Na kalenda ilikuwa zoezi?"

Feleti alimgeukia kama ndiyo kwanza anamwona. "Wewe nani?"

"Mtu wa benchi. Kalenda ilikuwa zoezi, menyu ilikuwa zoezi, mbona hizo umeandika jina lako? Zikiwa nzuri zako, ikiharibika yake?"

"Mama, nyonyesha mtoto."

Uso wa Siu uliwaka. Lakini Meliame aligusa mkono wake, na Feleti tayari alikuwa amefungua faili na kutoa karatasi iliyoandikwa kwa mkono. Alikuwa amefikiria kila kitu, alisema. Watachapa barua ndogo, nakala mia, ipelekwe kwa kila aliyepewa kitabu, na mambo yataisha. Maneno ameshaandika. Kilichobaki ni kuipanga vizuri kwenye ukurasa, na hilo ndilo litakuwa zoezi la kumi. "Ukimaliza leo, leo hii unaondoka na cheti chako."

Meliame alisoma kwa sauti, polepole. "Mimi, Meliame, kwa uzembe wangu na kwa ugeni wangu katika kazi hii, niliwakosea heshima..." Akaacha. Aliikunja karatasi, akaikunjua.

Siu alimngoja aichane. Badala yake Meliame alivuta kiti akakaa.

Alifanya kazi kama siku zote. Alivuta kamba zake za buluu, kulia, kushoto, juu, chini. Alijaribu aina tatu za herufi, akachagua iliyo tulivu. Aliacha nafasi pana juu. Feleti alikuwa akipiga miluzi. Siu alisimama nyuma na hakuamini, machozi ya hasira yakimlengalenga: kwamba mtu anaweza kukukosea, kisha akakukalisha chini uipambe aibu yake kwa mikono yako, na akaiita masomo. Halafu akaona kwenye kioo kitu ambacho Feleti, kwa miluzi yake, hakukiona.

Mashine ilitoa karatasi moja. Meliame aliichukua ingali na joto, akampa Feleti kwa mikono miwili, kwa adabu.

"Zoezi la kumi, mwalimu. Angalia kama kuna kosa."

Feleti alisoma. Kila neno lilikuwa lake, kama alivyoliandika. Ila barua ilianza: Mimi, Feleti, kwa uzembe wangu na kwa ugeni wangu katika kazi hii.

Aliichana vipande viwili, kisha vinne. "Basi huna cheti."

"Kile cha mpaka wa dhahabu?" Meliame alisimama. "Kile nilikipanga mimi, zoezi la saba. Pambizo la kushoto ulilisogeza, ukaliharibu. Kaa nacho."

Njiani kurudi, ndani ya lori, walipita shule. Hapo Siu alisema, "Basi tumemweza."

"Tumemweza nani? Shangazi bado amekikalia kile kitabu." Meliame alikuwa akitazama nje. "Kesho nakwenda kukaa kwenye nyasi zake."

"Kuomba radhi? Wewe?" Siu karibu ampige teke aliyekaa mbele. "Kwa kosa la yule? Dada, ukienda ukavaa mkeka mkuukuu na kuinamisha kichwa, umekubali! Fusi atasema, si mnaona!"

"Nilimwahidi mama wa watu kitu kimoja, nisimame pale. Sikusimama. Hilo ni langu, na nitaliombea radhi. La Feleti silibebi."

"Watatofautisha vipi?"

Meliame aligonga bati la lori, wakashuka.

*

Alhamisi asubuhi nyasi za uwanja wa Kalolaine zilikuwa bado na umande. Meliame alikuja amejifunga kiunoni mkeka mkubwa uliochakaa, kama inavyovaliwa na mwenye kosa, na mbele yake akaweka mzizi mzima wa kava, wa kutengenezea kinywaji cha heshima, na mkeka laini wa mamake, uliobaki peke yake. Akakaa chini, nje, akainamisha kichwa mpaka nywele zikamfunika. Siu alikaa nyuma yake na Lupe mapajani. Hakuwa ameombwa kuja. Asingeweza kukaa nyumbani.

Walikaa. Mtu akikaa hivyo hapaswi kuinua kichwa mpaka akubaliwe, hata ikiwa ni siku nzima. Majirani walianza kuwa na haja za ghafla upande ule. Fusi alikuja kuazima mbuzi ya kukunia nazi.

"Ya kwako iko wapi?" mtu mmoja alimwuliza.

"Imekuwa butu."

"Tangu leo asubuhi?"

Hatimaye mlango ulifunguka, Shangazi Kalolaine akatoka barazani, mnene, mfupi, fimbo mkononi, akakalia kiti. Havili alibaki kule kwenye kibanda cha jikoni, mgongo kwa baraza. Maka, mwana wa Havili, anayezungumza kwa niaba ya ukoo, alishuka hatua moja.

"Meliame," alisema Maka, "tumekuona. Shangazi yetu anauliza umekuja na nini."

"Nimekuja na kosa langu, baba. Nilimwahidi Shangazi nitasimama kwenye mashine mpaka nakala ya mwisho. Niliondoka. Naomba radhi kwa kuondoka."

"Kwa kuondoka?" Maka alikunja uso. "Si kwa zile picha?"

"Kwa kuondoka, baba."

Watu walianza kunong'ona. Fusi, bila kukusudia kusikika, alisema, "Si mnaona, ana kiburi!"

"Nyamazeni," Kalolaine alisema. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza. "Mtoto huyu alinijia na penseli. Akaniuliza nani akae wapi. Hakuna wa Auckland aliyewahi kuniuliza. Nikamwambia, mimi na kaka yangu tuwekee mlango katikati. Akasema, nimeshaweka, Shangazi, miwili. Nikaenda kulala nimeridhika." Alipiga fimbo sakafuni. "Sasa nataka kujua, milango yangu ilikwenda wapi? Sitaki radhi. Nataka kujua nani aliibomoa!"

Ilikuwa mara ya kwanza kwa watu wengi kumsikia Kalolaine akipaza sauti. Hata kule jikoni mgongo wa Havili ulinyooka.

Meliame hakuinua kichwa. Siu alijua si woga. Alijua vilevile kinachomzuia: akilitaja jina la Feleti kwa kinywa chake, akiwa amekaa pale na mkeka ule kiunoni, kila mmoja pale uwanjani angesema anajitoa kwa kumsukumia mwingine. Maka alingoja. Fusi aliishika mbuzi ya nazi kifuani. Kila jicho lilikuwa kwa mwanamke aliyeinama, na hakuna hata moja lililokuwa kwa aliye nyuma yake, mwenye mtoto, aliyesoma mpaka darasa la sita na asiyewahi kusema neno mbele ya ukoo wa mtu.

Ndipo Meliame, bila kugeuka, akanyoosha mikono yake nyuma.

"Nipe Lupe nikushikie," alisema kwa sauti ya chini. "Simama, mdogo wangu, uwaambie ulichokiona. Na sema kwa nguvu, Shangazi hasikii vizuri."